Sura ya Sita: Friji Isiyo na Mwenyewe

Friji inayonunuliwa Mombasa mara nyingi imekwisha kupita Mombasa. Kontena lake hushushwa bandarini Kilindini, likapakiwa kwenye treni ya SGR hadi bohari ya makontena ya Embakasi, na baadaye maboksi yakasambazwa katika maghala ya Nairobi. Huko boksi hukaa likingoja mtu wa Kisauni au Likoni alipie. Akishalipa, linaanza safari ya kurudi pwani, kilomita 480 hivi, mara hii juu ya lori, limebanwa kati ya magodoro, televisheni na viti vya plastiki. Hadi kufika mlangoni, limekwisha kushikwa na vibarua wa ghala la mwagizaji, vibarua wa ghala la muuzaji, dereva na turniboi wake, na mwisho hamali wa mkokoteni.

Kila mmoja kati ya hao ana karatasi yake, na kila karatasi inaonyesha kazi yake ilipoanzia na ilipoishia. Nimewasikiliza wanunuzi wengi waliozungushwa baada ya kununua friji, jiko, mashine ya kufua au televisheni, na karibu wote wanasimulia habari zao kama habari za watu wabaya: dereva mkali, msichana wa simu asiyejali, fundi mvivu. Nawaelewa, kwa sababu hasira humwangukia aliye karibu. Lakini nikizikusanya simulizi hizo pamoja naona jambo jingine. Kazi moja, ya kumfikishia mtu mashine inayofanya kazi nyumbani kwake, imekatwa vipande na kugawiwa makampuni mbalimbali, na hakuna aliyeachiwa kuishika nzima. Mnunuzi amelipa mara moja, kwa muuzaji mmoja. Mashine ikigoma ndipo anapogundua kwamba ana muuzaji, msafirishaji, kituo cha mafundi, mwagizaji na kampuni ya simu za wateja, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mjumbe wa kupeleka maneno ya huyu kwa yule, bila mshahara.

Shangazi yangu anaishi Mji wa Kale, orofa ya kwanza ya nyumba iliyo katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Kwa miaka mingi ameuza barafu za ukwaju na za maziwa kwa watoto wa mtaa, na mwezi wa Ramadhani hutengeneza sambusa mbichi na kuzigandisha. Wateja huzichukua alasiri wakazikaange makwao kabla ya futari. Friza yake ya zamani ilipokufa, wanawe walichanga wakamnunulia mpya, ile kubwa ya kufunguka kwa juu, kutoka duka la mtandaoni. Walilipa kwa M-Pesa na ujumbe wa malipo ukaingia papo hapo. Friza iliahidiwa kufika kabla ya mwezi kuandama. Haikufika. Kila alipopiga simu aliambiwa iko njiani, lakini kwa hakika ilikuwa bado haijaondoka, maana lori huwa haliondoki Nairobi mpaka lijae.

Siku ilipofika, dereva alimpigia akiwa barabarani. Alisema, "Mama, niko hapa Makadara, njoo uchukue mzigo." Hapa inafaa kumtetea dereva kidogo. Nyumba nyingi za miji yetu hazina anwani ambayo mgeni anaweza kuifuata. Tuna sanduku la posta, ambalo halipokei friza, na tuna maelekezo ya mdomo: pita msikiti, kata kushoto kwenye duka la mkaa, uliza nyumba ya Bi fulani. Katika vichochoro vya Mji wa Kale hata maelekezo yakieleweka lori halipiti. Dukani imeandikwa kwamba bidhaa itafikishwa hadi mlangoni; karatasi ya msafirishaji inasema hadi pale gari linapoweza kufika. Umbali ulio kati ya maneno hayo mawili aliulipia shangazi. Alikodi mahamali wawili na mkokoteni, na walipofika kwenye ngazi, ambazo ni nyembamba na zimesimama wima kama ngazi nyingi za nyumba za zamani, ikabidi friza ilazwe ubavu ili ipande.

Juu, dereva alitoa karatasi. "Mama, weka sahihi hapa."

"Mwanangu, ngoja kwanza tuifungue."

"Mama, nina mizigo ya Nyali na Bamburi na jua linazama. Huu ni utaratibu tu."

Akaweka sahihi chini ya sentensi iliyosema kwamba bidhaa imepokelewa ikiwa katika hali nzuri. Boksi lilipofunguliwa lilikuwa na friza iliyobonyea ubavuni, mbonyeo wa upana wa kiganja. Ilipochomekwa ilinguruma. Usiku kucha ilinguruma, na asubuhi maji yalikuwa maji.

Nieleze kidogo yaliyomo ndani ya mashine hii, kwa sababu mabishano yote yaliyofuata yalitokana na mambo ambayo shangazi hakuwa ameambiwa na mtu yeyote.

Kompresa ya friji ya nyumbani ni chupa ya chuma iliyofungwa kabisa. Ndani yake mota na pampu vimeninginizwa juu ya springi, na chini kuna mafuta ya kulainisha. Friji ikisimama wima, mafuta hukaa mahali pake. Ikilazwa, yanaweza kutiririka kupitia bomba na kuingia kwenye njia ya gesi, na mahali fulani njiani kuna mrija ambao tundu lake ni la milimita moja hivi au pungufu. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vinataka friji iliyolazwa isimamishwe wima kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Nani alipaswa kumwambia shangazi? Duka halikujua kwamba ingelazwa. Dereva alijua, kwa kuwa alisimama kwenye ngazi akitazama, ila yeye ni dereva. Kitabu chenye maelekezo kilikuwa ndani ya boksi, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki chini kabisa.

Mbonyeo nao una habari yake. Katika friza nyingi za kufunguka kwa juu, mabomba ya kutoa joto hayaonekani nyuma kama yale ya friji za zamani. Yamelazwa ndani ya kuta za pembeni, nyuma tu ya bati. Ndiyo sababu ukigusa ubavu wa friza inayofanya kazi unausikia ukiwa wa moto. Mbonyeo mahali hapo unaweza kuliminya bomba au kulitoboa. Friji nyingi za sasa hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo haiharibu tabaka la ozoni lakini huwaka moto, na kwa sababu hiyo friji ya nyumbani hujazwa kidogo tu, kwa kawaida si zaidi ya gramu 150. Kiasi hicho hakivumilii kuvuja hata kidogo. Ndiyo sababu pia hupaswi kumwachia fundi asiye na ujuzi wa gesi hiyo aichomelee jikoni kwako, hata akiwa jirani na bei yake ni nzuri. Tazama nyuma ya mashine: ukiona pembetatu yenye mwali wa moto, mwambie fundi kabla hajafungua begi lake.

Kuna alama nyingine ambayo wauzaji wetu hawaitaji, nami ningependa kila mnunuzi wa pwani aijue. Kwenye kibandiko cha friji pana herufi za daraja la hali ya hewa. N ni ya mashine iliyokusudiwa vyumba vya nyuzi 16 hadi 32 za Selsiasi. ST inafika 38, na T inafika 43. Jiko la Mombasa mwezi wa Februari, majiko mawili yakiwaka na dirisha likitazama ukuta wa jirani, hupita 32 bila shida. Friji ya N ikiwekwa hapo itanguruma mchana kutwa bila kupumzika, maziwa yatachacha, na fundi atakayetumwa ataandika kwamba mashine haina kasoro. Na kweli haina. Imepelekwa kwenye mji usio wake, na aliyeiuza alijua inakokwenda, maana alitoza nauli ya kuipeleka.

Mashine za kufua zina mtego wao, ambao nitautaja kwa kifupi. Pipa la mashine ya kufungukia mbele huninginia kwenye springi, na kiwandani hukazwa kwa boliti nyuma ili lisigongane na kuta safarini. Boliti hizo lazima zitolewe kabla ya nguo za kwanza. Zisipotolewa, mashine hurukaruka hadi katikati ya chumba na inaweza kujivunja. Mtu wa kuzitoa anahitaji spana na dakika chache. Bado kuna nyumba ambako mzigo ulishushwa, sahihi ikawekwa, na hakuna aliyezitaja.

Narudi kwa shangazi na simu yake. Duka lilimpokea vizuri na kumwambia kwamba mambo ya waranti yanashughulikiwa na kituo cha mafundi. Kituo kilitaka picha, nambari ya mashine na kadi ya waranti yenye muhuri wa duka. Kadi ilikuwamo ndani ya boksi lakini haikuwa na muhuri, kwa kuwa duka la mtandaoni halina kaunta ya kupigia muhuri. Duka likasema ujumbe wa M-Pesa na risiti vinatosha. Kituo kikasema havitoshi. Muhuri ulipopatikana, fundi alikuja, akapiga picha ya mbonyeo, akaandika kwamba hili ni jeraha la usafirishaji na waranti haihusiki nalo. Msafirishaji akaonyesha karatasi: imepokelewa ikiwa katika hali nzuri, na sahihi hii hapa. Duka likasema litawasiliana na msafirishaji. Wakati wote huo Ramadhani ilikuwa ikihesabu siku zake, na wateja wa sambusa walikwisha kuhamia kwa mwanamke wa kichochoro cha pili.

Yatazame maneno ya kila mmoja. Fundi alisema kweli: waranti ya kiwanda hufidia kasoro za kiwandani. Msafirishaji alisema kweli: sahihi ilikuwapo. Msichana wa simu alisema kweli: malalamiko yalikuwa yameandikishwa na kupewa nambari. Kila jibu lilikuwa sahihi ndani ya mpaka wake, na yote kwa pamoja yakamwacha mwanamke na friza isiyogandisha.

Huyo msichana wa simu anastahili aya zake mwenyewe, kwa sababu ndiye anayetukanwa kuliko wote na ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Kazi yake ina historia ndefu kidogo. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen nchini Denmark, alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio, na baadaye akaonyesha namna ya kukadiria muda ambao mpigaji atangoja kulingana na idadi ya laini. Vituo vya simu duniani bado vinapanga zamu za watu wao kwa hesabu zilizotokana na za Erlang. Maana yake ni kwamba ukikaa kwenye simu ukisikiliza muziki na sauti inayokuambia simu yako ni muhimu, kungoja kwako mara nyingi hakukutokea kwa bahati mbaya. Kulipangwa. Meneja alijua kwamba akiweka watu kadhaa zaidi muda utapungua, akapima gharama yao, akachagua.

Sekta hii ya vyombo vya nyumbani iliwahi kuonyesha kwamba inaweza kuchagua vingine. Mwaka 1967 kampuni ya Whirlpool ya Marekani ilifungua laini ya simu iliyoiita Cool-Line, ambayo mteja aliyepatwa na shida ya mashine aliipiga bure, saa yoyote ya usiku na mchana, akazungumza na kampuni iliyoitengeneza. Naona jambo kubwa katika uamuzi huo: mwenye mashine alizungumza na waliotengeneza mashine, na malalamiko yalifika palepale ambapo kasoro ingeweza kurekebishwa. Tangu hapo simu za wateja zimekabidhiwa zaidi na zaidi kwa makampuni ya nje. Anayepokea leo anaweza kuwa kijana aliyesoma vizuri, mpole, mwenye lugha mbili au tatu, aliyeketi mbele ya skrini inayomwonyesha jina lako na nambari ya malalamiko na si zaidi. Haoni lori liko wapi. Hawezi kumwamuru fundi. Hana ruhusa ya kurudisha hata shilingi moja. Anapimwa kwa wastani wa muda wa kila simu, kwa hiyo akikaa nawe muda mrefu akitafuta suluhisho anajiharibia alama zake. Amewekwa pale kupokea hasira na kuizuia isipande juu. Mimi nikipiga simu hizo huwa sipazi sauti kwake. Humwomba aniandikie jina la mtu mwenye uamuzi, na kama hana, aandike kwenye faili kwamba nimeomba na sikupewa. Wengi hufurahi kuombwa kitu wanachoweza kukifanya.

Kwa nini makampuni hayaogopi kutupoteza? Mwanauchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin, aliliwaza swali la namna hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, na wazo lake lilianzia Afrika. Alishangazwa na reli ya Nigeria, ambayo ilishindwa na malori hata katika kusafirisha karanga za kaskazini hadi bandarini, safari ndefu ambayo treni ilipaswa kuimudu kuliko gari lolote. Alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili: aondoke, au apaze sauti. Wafanyabiashara wa karanga waliondoka wakaenda kwa malori. Reli haikutikisika kwa kuwa serikali ilifidia hasara, na wale ambao kelele zao zingeiamsha ndio waliokwisha kuondoka.

Katika biashara ya friji kuondoka kuna uzito mdogo zaidi. Mtu hununua friji mara moja kwa miaka kumi, pengine zaidi. Akiapa kutorudi dukani, duka litaisikia hasara hiyo baada ya muongo mmoja, ikiwa bado lipo. Kinachobaki ni sauti, na siku hizi sauti ina tabaka. Mwenye wafuasi wengi mtandaoni akiweka picha ya friji iliyobonyea, akalitaja duka kwa jina, hupigiwa simu kabla ya magharibi na meneja mwenyewe. Nimeyaona haya yakitokea, na kila mara nauliza ni nani aliyesogezwa nyuma ya foleni ili huyu apite mbele. Mtu kama shangazi yangu hana wafuasi. Ana simu ya kawaida na salio la kununua kidogo kidogo. Huduma inayoharakishwa na woga wa aibu humfikia mwenye uwezo wa kuaibisha na kumwacha anayeihitaji kuliko wote, yule ambaye chombo kile ndicho mtaji wake.

Ndiyo maana naipa sheria nafasi kubwa katika sura hii. Sheria haihesabu wafuasi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Soma tena hilo la habari, kisha ukumbuke friza iliyolazwa na herufi za daraja la hali ya hewa. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inasema kwamba anayeuza anahesabiwa kuwa ameahidi ubora unaostahili, awe ameuandika au hakuuandika. Sheria hiyohiyo inamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba wa bidhaa ambazo hazijaletwa ikiwa siku 30 zimepita tangu tarehe iliyoandikwa ya kufikishwa. Kwa hiyo dai kwamba tarehe yako iandikwe. "Karibuni tu" si tarehe.

Kuhusu ile sahihi, iko sheria ya zamani zaidi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyochotwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ndani yake muna kanuni ambayo ningetaka kila dereva wa mizigo aisikie: mnunuzi aliyeletewa bidhaa ambazo hakuwahi kuzikagua hahesabiwi kuwa amezikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuzikagua. Kupokea boksi ni jambo moja, kuikubali mashine ni jambo jingine. Sahihi kwenye karatasi ya lori inathibitisha kwamba boksi limefika. Yule aliyemwambia shangazi kwamba sahihi yake imemaliza mambo alimtisha kwa karatasi ambayo nguvu zake ni chache kuliko alivyodhani. Hata hivyo usiwape karatasi safi. Andika juu ya sahihi, kwa kalamu yako na kwa Kiswahili ukipenda: "Boksi halijafunguliwa, mashine haijakaguliwa." Piga picha ya karatasi hiyo, na picha ya boksi pande zote kabla kisu hakijaligusa. Dereva akikataa maneno hayo yasiandikwe, yarekodi kwa ujumbe kwa duka papo hapo, saa ikionekana.

La maana kuliko yote ni kwamba mkataba wako ni na muuzaji. Msafirishaji alikodiwa na duka, na ugomvi wao ni wao. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya wajibu wa muuzaji na haiufuti. Kwa hiyo duka likikutuma kwa kituo cha mafundi unaweza kwenda kama ni njia ya mkato, lakini hulazimiki kukaa huko. Barua yako ya malalamiko iandikie duka, na itaje duka peke yake. Wasomaji wa Tanzania wana mlango wao: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima za kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko.

Barua hiyo ndiyo iliyomsaidia shangazi. Binti yake aliiandika, ukurasa mmoja, akaambatanisha ujumbe wa M-Pesa, picha na ripoti ya fundi, akaeleza kwamba wanampa muuzaji wiki mbili kuibadilisha friza au kurudisha fedha, na baada ya hapo watakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, kanuni za ushahidi zimelegezwa, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Mauzo ya bidhaa yamo katika orodha ya mambo yanayoamuliwa na mahakama hizo. Kwa friji, friji yoyote ninayoijua, milioni moja inatosha na kubaki.

Duka halikungoja mahakama. Friza nyingine ilikuja, na safari hii dereva alikaa ikafunguliwa, mahamali walilipwa na duka, na fundi aliyekuja naye aliisimamisha mbali na ukuta ili kuta zake zipate hewa, akaagiza isiwashwe hadi kesho yake. Kwa maneno mengine, duka lilijua tangu mwanzo jinsi kazi hii inavyofanywa. Lina dereva anayeweza kungoja, lina fundi anayeweza kufuatana na mzigo, lina fedha za hamali. Lilikuwa limeamua kwamba vitu hivyo ni vya wateja wanaoandika barua.

Sikubaliani na uamuzi huo, na sioni kwamba gharama ni kisingizio. Muuzaji anayemtuma fundi pamoja na mzigo hulipa safari moja. Anayemtuma baadaye hulipa safari za fundi, za lori la kurudisha, na za friza ya pili. Tofauti ni kwamba gharama ya kwanza inaonekana kwenye bajeti ya duka, na ya pili imetawanyika kwenye vitabu vya makampuni manne, sehemu yake kubwa ikiwa haimo kwenye kitabu chochote kwa kuwa imelipwa na mnunuzi: nauli zake, salio lake, siku zake za kukaa nyumbani akimsubiri fundi aliyeahidi kuja kati ya asubuhi na jioni.

Na biashara yake. Katika barua ile binti alidai pia fidia ya mauzo ya Ramadhani, akaweka hesabu ya sambusa na barafu kutoka daftari la mama yake la mwaka uliotangulia. Duka lilibadilisha friza na halikujibu neno juu ya dai hilo. Shangazi akasema yaishe, friza imekuja, Mungu atalipa. Binti yake hakutaka yaishe. Fidia ya hasara imo katika Ibara ya 46, daftari ni ushahidi ambao mahakama ya madai madogo inaweza kuupokea, na kiasi chenyewe ni kidogo kuliko nusu ya bei ya friza. Wakati ninaandika sura hii wamekwisha kuichukua fomu ya madai, na mahali pa jina la mdaiwa wameandika jina moja tu, la duka.